Sarafu Iliyozidi Kung'aa

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu mbili. Kwanza, nyinyi wawili mlionirithi kaunta, mmoja katoka Bukavu na mwenzake Bujumbura, na ingawa Kiswahili chenu kina Kifaransa kingi mfukoni, tunaelewana. Pili, Bwana Aldo, mwenye duka, hajui neno la Kiswahili zaidi ya "pole pole", ambalo humwambia mteja anayedai kurudishiwa pesa. Kwa hiyo hapa tuko sisi kwa sisi.

Vyeo sitavisimulia. Dukani petu vilikuwa viwili tu, mwenye duka na wengineo, na mimi sikuwahi kuwa mwenye duka. Nitawaeleza kazi yenyewe: sarafu za dhahabu za Kiitalia, watu wanaozinunua wakidhani wananunua usingizi, na jambo moja ambalo hamkuambiwa siku mlipokula keki yangu ya kuagwa.

Nilifika Johannesburg nikimfuata mume wangu, Themba. Miaka ya mapambano alikuwa mkimbizi Morogoro, akanioa huko, na nchi yake ilipokombolewa akanileta kwao. Njia nzima aliniambia tunakwenda mji uliojengwa juu ya dhahabu. Hakuniambia kwamba dhahabu hiyo walishaichukua wengine, na kwamba sisi tutapanga nyumba mtaa wa Malvern, mkabala na fundi wa matairi. Mwezi wa pili nikapata kazi ya kudeki na kuchemsha kahawa katika duka dogo pembeni ya Jules Street, lenye nondo mlangoni na kengele. Ukibonyeza kengele, mtu wa ndani anaitazama sura yako kwanza, akiikubali ndipo mlango unafunguka. Yangu ilichukua muda kukubaliwa.

Siku ya kwanza nilikuta trei ya sarafu za fedha za wafalme wa Italia, nyeusi kama masufuria ya msibani. Niliwaonea huruma wenye duka. Kwetu Morogoro sufuria jeusi ni aibu ya mwenye nyumba, basi nikachukua dawa ya meno na kitambaa, nikazisugua moja moja mpaka wafalme wote wakameremeta. Nikazipanga mezani, nikasimama pembeni kungoja pongezi. Badala ya pongezi alikuja Zia Pina.

Zia Pina alikuwa shangazi yake Bwana Aldo, mjane aliyevaa nguo nyeusi mwaka mzima na kuvuta sigara chini ya kibao kinachokataza sigara. Bwana Aldo alijua wateja; Zia ndiye aliyejua sarafu. Alipoziona alikaa kitini, akashika kichwa, akatukana kwa Kiitalia mpaka kahawa ikachemka na kumwagika. Kisha akanieleza, kwa Kiingereza kibovu kama changu, kwamba ule weusi ulikuwa umri wa sarafu, kwamba mkusanyaji hulipia umri, na kwamba mimi nimefuta miaka mia kwa nusu saa. Nikavua aproni. Akasema, "Vaa, Morogoro. Sasa unajua jambo moja ambalo wateja wetu wote hawalijui." Aliniita Morogoro mpaka anakufa. Jina langu ni Mwajuma, wala si gumu.

Kila nijualo nililipata kwake. Sarafu hushikwa ukingoni, kwa vidole viwili, juu ya kitambaa laini ili ikidondoka isiumie. Usiongee juu yake, kwa sababu mate huacha madoa, na nyinyi wawili mnaongea sana. Lire ishirini ya dhahabu ina upana wa milimita ishirini na moja na uzito usiofika gramu sita na nusu, na ukingoni imeandikwa FERT mara tatu. Maana ya neno hilo nimeelezwa na Waitalia wengi, kila mmoja kwa uhakika wake, na hakuna wawili waliokubaliana. Zekino ya Venisi ni nyembamba, ina mtawala aliyepiga magoti mbele ya mtakatifu, na ndiyo sarafu pekee niliyowahi kuona mwanasiasa akipiga magoti bila kuwa na kampeni.

Lakini somo kubwa lilikuwa la taa. Zia alikuwa na taa mbili mezani. Moja ilining'inia juu, nyingine alikuwa anailaza ubavuni mwa sarafu. "Taa ya juu ni ya kuuzia," alisema, "taa ya pembeni ni ya kujulia." Chini ya taa ya juu kila sarafu ni bibi harusi. Chini ya taa ya pembeni unaona mikwaruzo myembamba kuliko unywele, yote imelala upande mmoja, na hapo unajua kuna mtu aliisugua. Sarafu iliyosuguliwa imekufa kwa mkusanyaji. Kinachobaki ni dhahabu ya kupimwa kilo, kama nyama. Kwa hiyo Zia aliweka sheria: hakuna sarafu kutoka dukani kabla ya kupigwa picha kwa taa ya pembeni, na picha hiyo ibandikwe nyuma ya kadi ya maelezo, ambayo mteja huisoma na kuiacha dukani.

Wateja nao. Jozi yote, yaani Johannesburg, inajua Krugerrand, sarafu ya dhahabu ya hapa hapa, dhahabu isiyojidai. Anayekuja kutafuta dhahabu ya Kiitalia anatafuta kitu cha kusimulia mezani. Alikuwepo daktari mmoja wa Sandton aliyetuletea sarafu kumi za lire ishirini alizonunua likizoni, zote za bandia. Nikamweleza kwamba uzito uko sawa, dhahabu ni halisi, ila herufi za ukingoni ni nene mno, kwa hiyo hazikutengenezwa na serikali yoyote. Akakasirika. "Kama dhahabu ni halisi, cha bandia ni nini?" Nikamjibu, "Mfalme." Akaniambia nimwite mwenye duka, mtu anayejua. Bwana Aldo akaja, akazitazama kwa sekunde mbili, akasema ni za bandia, na daktari akamshukuru sana.

Zia alipofariki, taa ya pembeni iliingia kabatini. Bwana Aldo alisema inawachosha wateja macho. Picha niliendelea kupiga, kwa kuwa mkono ulishazoea, nikiitoa taa asubuhi kabla hajafika na kuirudisha. Maelezo ya mbele ya kadi nayo nikawa nayaandika mimi, kwa imla yake. Nilikuwa na dawati langu, kioo changu cha kukuzia, na wateja walioniita madam. Nilijiona nimefika.

Ndipo kikaja chama. Naongelea chama cha Wakenya, kile cha kuweka na kuwekeza: watu kumi na wawili wa kanisa moja, wote wamesoma mpaka basi, wa benki, wa kampuni, wa vyuo vikuu. Mwenyekiti wao, Bwana Ochola, alikuwa mtu wa benki, na kazi yake mchana kutwa ilikuwa kuwashauri watu wasiweke mayai yote katika kikapu kimoja. Alikuja na kikapu kimoja. Mweka hazina alikuwa Mama Kendi, mjane, mhadhiri wa takwimu, mwanamke mpole anayesoma risiti mpaka maandishi ya chini kabisa.

Bwana Aldo aliwatolea lire mia ya mwaka 1923, pana kidogo kuliko kizibo cha soda na nzito kiganjani. Upande mmoja kuna kichwa cha mfalme, upande wa pili kuna furushi la fimbo zilizofungwa pamoja na shoka. Hiyo ndiyo nembo ya wale mabwana wa mabavu waliokuwa wamenyakua serikali ya Italia, na sarafu ilitengenezwa kusherehekea mwaka wao wa kwanza madarakani. Bwana Ochola aliinua mkono. "Ndugu wanachama, mmeona? Fimbo moja huvunjika. Fimbo nyingi zikifungwa pamoja, nani atazivunja? Hii ni sisi. Hii ni chama!" Mtu mmoja akasema amina. Nimewahi kuona watu wakinunua sarafu bila kujua bei. Hao walinunua bila kujua fimbo zile zilimchapa nani.

Lakini si hilo ninalolijutia. Sarafu ile ya lire mia ilitoka kiwandani ikiwa na uso wa kufifia, kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Ndivyo ilivyokusudiwa, na ndivyo wakusanyaji wanavyoitaka. Hii yetu iling'aa kama bati jipya. Asubuhi ile nilishailaza chini ya taa ya pembeni, nikaiona mikwaruzo yote imelala upande mmoja, nikaipiga picha. Bwana Aldo aliponiambia andika "inang'aa kwa namna ya pekee", niliandika. Haukuwa uongo. Iling'aa, na kwa namna ya pekee.

Mama Kendi alisogea dawatini kwangu, akaniuliza kwa sauti ya chini, akiniita kwa jina la binti yangu, "Mama Thandi, hebu niambie, wewe ni mtu wa kwetu. Hii kung'aa hivi ni sawa? Nimesoma mahali, zingine huwa hazing'ai."

Bwana Aldo alikuwa amesimama nyuma yangu. Nikatabasamu. "Dhahabu si huwa inang'aa, mama?"

"Haya basi," akasema. "Kama wewe umesema." Akatia saini.

Miaka minne ikapita. Sasa wasikieni walivyoitunza. Wanachama wa chama wanapendana sana katika Bwana, na hakuna anayemwamini mwenzake hata robo. Kwa hiyo walipitisha kanuni: kila mwezi, kabla ya kufungua kikao, sarafu itolewe, ipitishwe mkono kwa mkono, kila mmoja aishike, na ipimwe kwenye mizani ya jikoni ili kuhakikisha haijabadilishwa. Katibu anaandika: sarafu imeonekana. Mara arobaini na nane dhahabu ile ilipita katika mikono kumi na miwili iliyotoka kula chapati. Na kwa kuwa Mama Kendi ni mtu wa heshima na alitaka waione ikiwa safi, aliipangusa kwa kitambaa cha miwani kabla ya kila kikao. Jambo hilo wangeweza kulifanya wao tu, watu wenye shahada tatu tatu na kanuni iliyoandikwa.

Wakaja kutaka kuiuza. Walikuwa wamepata ardhi Kitengela, kwao Kenya, kila mwanachama apate kiwanja chake. Mthamini mmoja mjini aliitazama akawaambia imesuguliwa, thamani yake ni ya uzito tu. Neno "imesuguliwa" liliposhuka mezani, jozi kumi na moja za macho ziligeukia kitambaa cha miwani.

Alhamisi wakaja dukani, Bwana Ochola mbele, Mama Kendi nyuma yake kama mtu aliyekamatwa. Alikuwa amekonda. Mwenyekiti alitaka barua moja tu: kwamba sarafu ilipotoka dukani ilikuwa nzima. Katiba yao ilisema mwanachama anayeharibu mali ya chama anapoteza hisa yake yote, na Jumapili wangepiga kura.

"Kikulacho ki nguoni mwako," aliniambia, Mama Kendi akisikia.

"Nilikuwa naipangusa tu," Mama Kendi alisema. Hakuwa akimwambia yeye, alikuwa akiniambia mimi. "Si kusugua, Mama Thandi. Kupangusa."

Kiwanja kile ndicho kilichokuwa kurudi kwake nyumbani. Shamba la marehemu mumewe shemeji zake walishagawana, hata mwaka haujaisha. Alitaka kustaafu, ajenge vyumba viwili, amchukue mama yake. Alishaninong'oneza hayo siku nyingi, tukikutana Mayfair madukani kwa Wasomali, yeye akitafuta unga wa dengu, mimi nikitafuta iliki.

Bwana Aldo akaipenda barua ile kuliko sarafu. Akaiandika mwenyewe kwenye kompyuta, akanipa nitie saini, kwa kuwa maelezo ya kadi yalikuwa ya mkono wangu. "Huyu mama ameisugua miaka minne, wote wameona," aliniambia. "Nani atajua?" Nikamwambia kalamu haina wino, nitasaini Jumatatu. Angalieni ushujaa wangu: niliitetea haki kwa kusingizia kalamu.

Jioni ile nikaifukua kadi. Picha ilikuwa nyuma, imebandikwa sawasawa, na tarehe ya mauzo kwa mwandiko wangu. Mikwaruzo ilikuwepo yote, asubuhi ileile kabla Mama Kendi hajaigusa sarafu ile. Nilimwonyesha Themba. Akaitazama, akaniuliza, "Sasa unangoja nini?" Nikamwambia nikiitoa hii nitakosa kazi. Akasema, "Eish, Mwajuma. Ukiificha atakosa nyumba." Akarudi kutazama mpira. Nilichukia alivyoliona jambo kuwa jepesi, na nilichukia zaidi kwamba lilikuwa jepesi.

Jumapili baada ya ibada yao nikaenda Edenvale, nyumbani kwa mwenyekiti. Nikawakuta kumi na wawili sebuleni, sarafu juu ya sahani, mizani ya jikoni pembeni, Mama Kendi amekaa peke yake kwenye kochi la watu watatu. Niliweka kadi mezani. Nikawaonyesha picha, nikawaonyesha sarafu chini ya tochi ya simu iliyolazwa, mkwaruzo kwa mkwaruzo. Nikasema sarafu ilisuguliwa kabla hatujawauzia, duka lilijua, na aliyelijua kwa niaba ya duka ni mimi.

Kisha Bwana Ochola akasimama, akasema yeye binafsi tangu mwanzo hakuwahi kumtilia shaka mweka hazina wetu mpendwa. Wakapiga makofi. Watu waliokuwa wamehama kochini wakarudi, mmoja akamletea Mama Kendi chai. Dakika kumi kabla yake walikuwa tayari kumzika, na sasa walikuwa wanabishana nani aombe sala ya shukrani. Fimbo zilikuwa zimefungwa tena.

Mama Kendi hakunywa chai ile. Alinisindikiza mpaka getini, nikadhani anataka kunishukuru, na nikaanza kutafuta maneno ya unyenyekevu ya kumjibu. Akasimama.

"Siku ile nilikuuliza," akasema. "Nilikuuliza wewe, sikumuuliza mzungu. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Na ulikuwa umeshaona."

"Nilikuwa nimeshaona, Mama Kendi. Nisamehe."

"Kwa hivyo miaka minne mimi nimekuwa nikipangusa uongo wako. Kila mwezi. Na wiki tatu hizi nimelala nikijiuliza, pengine ni kweli ni mimi, pengine nilikazana sana." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Ukweli umeuleta, asante. Lakini usiulete kama zawadi." Akafunga geti, polepole, ili lisipige kelele.

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona kabla wala baada. Nikakaa kwenye ukingo wa maua ya jirani mpaka Themba akaja kunichukua. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na miaka minne, na mwanamke mwingine ndiye aliyeitembea.

Bwana Aldo aliwarudishia pesa yao, kwa kuwa picha haibishaniwi, na "pole pole" haikumsaidia. Kitengela walinunua. Mama Kendi alipata kiwanja. Simu yangu hakuipokea tena, na Mayfair akiniona mbele ya mizani ya iliki hugeukia duka la pili.

Mimi hakunifukuza bado, na Jumatatu iliyofuata nilianza kupekua kadi nyingine. Nilitafuta zile zilizoandikwa "inang'aa", "angavu", "ya kuvutia macho", kwa mwandiko wangu, nikageuza nyuma kutazama picha. Zilikuwa kumi na tisa. Nikawa nawapigia simu wenyewe, mmoja mmoja, saa ya chakula cha mchana. Wengine walitukana, mmoja alilia, daktari mmoja alitaka kuongea na mtu anayejua. Bwana Aldo aligundua nilipofika wa kumi na mbili.

Kwenye keki ya kuniaga aliwaambia macho yangu yamechoka. Mkanipigia makofi, nami nikakata keki. Macho yangu ni mazima, nawaona vizuri tu. Wamebaki wateja saba. Kadi zao nimezifunga kwa mpira katika droo ya chini, upande wenu wa kaunta, na namba za simu ziko juu. Wakipokea, semeni kwanza kwamba tuliona. Mambo mengine yote yaje baadaye.